Una picha ya Tanga ya zamani na mtaa wenyewe haupo tena? Hivi ndivyo unavyoutafuta

Picha za Tanga ya zamani zinazunguka sana kwenye magrupu siku hizi na karibu kila moja inakuja na jina lake tayari, mara "Ngamiani 1920", mara "barabara ya saba enzi za Mjerumani", ukiuliza nani kasema hamna anayejua, imeforwadiwa tu. Nyingine ukizikagua vizuri si Tanga kabisa. Sasa huu mwongozo ni kwa yule mwenye picha mkononi, iwe imetoka kwenye sanduku la bibi au umeidaunlodi mahali, na anataka kujua ilipigwa wapi wakati nyumba zenyewe zimeshavunjwa au mtaa umezibwa kabisa.

Nikwambie mapema msimamo wangu ili tusigombane mbele: jina la mtaa linakuja mwisho. Watu wengi wanaanza na jina, halafu wanalazimisha picha ikubaliane nalo. Wewe anza na vitu ambavyo haviwezi kuhama, bahari, kisiwa cha Toten, reli, jua, ukuta wa mawe ambao bado upo, jina litakuja lenyewe au lisije, na lisipokuja pia si dhambi.

Kwanza, pata kopi nzuri

Ile ya WhatsApp haifai, imeshaminywa mpaka herufi za vibao zimekuwa ukungu. Mwombe mwenye picha akutumie kama dokumenti, au bora zaidi ifuate yenyewe. Kama una skana weka 600 dpi (nukta kwa inchi), kwa vile vipicha vidogo vya kiganjani weka 1200, na seva faili moja la TIFF ambalo hutaligusa tena. Huna skana, tumia simu, ila toka na picha barazani kwenye kivuli chenye mwanga, zima flashi, simu iwe sambamba na picha, usiinamishe. Skani na mgongo wa picha pia, hata kama unaona hamna kitu.

Na tafadhali hizi apu za kusafisha picha na kuipaka rangi weka pembeni mpaka umalize kazi. Zile zinabuni. Kibao kilichofifia zinakiandikia herufi zake zenyewe, dirisha lenye luva linageuka kioo, halafu wewe unakaa usiku kucha unatafuta duka ambalo halijawahi kuwepo duniani.

Hakikisha haijageuzwa

Negativu za zamani, hasa za vioo, zilikuwa rahisi kuchapwa kinyume, kushoto ikawa kulia, na picha ya namna hiyo itakusumbua mwaka mzima. Maandishi ndio ya kwanza kuangalia, kibao cha duka, Kiarabu cha msikitini, namba za saa kwenye mnara. Kama hamna maandishi, sisi watu wa Tanga tuna bahati, mji wetu ni wa baiskeli. Mnyororo wa baiskeli unakaa upande wa kulia wa baiskeli, kwa hiyo baiskeli ikiwa imeelekea mkono wako wa kulia mnyororo unatakiwa uwe upande wako unauona, na ikiwa imeelekea kushoto mnyororo uwe umejificha upande wa pili. Ukiona kinyume chake, geuza picha kwanza ndio uendelee. Shati la mwanaume nalo linasema, vifungo viko kulia kwa mvaaji na upande wa kushoto ndio unalala juu.

Je ni Tanga kweli?

Hapa usiwe na haraka. Ukiona mnara wa kanisa uliochongoka karibu na maji, fikiria Dar, pale Azania Front au Mtakatifu Yosefu. Ukiona sanamu ya askari kashika bunduki yenye singe katikati ya makutano ya barabara, hiyo ni Dar na ni kuanzia 1927. Jengo refu lenye saa na roshani kuzunguka, mbele bahari, ni Beit al-Ajaib Unguja. Kigari cha abiria kinachosukumwa na watu juu ya vireli katikati ya mtaa, anza na Mombasa. Na postikadi ya Mjerumani ikiandikwa "Inderstrasse" bila jina la mji usishangilie, mtaa wa Wahindi ulikuwepo Bagamoyo na Dar pia.

Cha Tanga chenyewe ni hivi. Mji umekaa kusini mwa ghuba, maana yake ukisimama mjini ukatazama bandari unatazama kaskazini, tofauti na miji mingi ya pwani yetu ambako bahari iko mashariki. Mbele yako kuna kisiwa cha Toten, kulia kwako ardhi inaingia baharini kuelekea Raskazone. Reli nayo imeugawa mji, upande wa bahari kuna maofisi, mabenki na maduka ya ghorofa, ukivuka reli unaingia Ngamiani na barabara zake za namba zilizopangwa mraba mraba. Hii ramani iwe kichwani muda wote, ndio inayofanya kazi yote inayofuata.

Jua, kivuli na bendera

Hii sehemu watu wanairuka na mimi naona ndio tamu kuliko zote. Tanga iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Kuanzia mapema Machi hadi mapema Oktoba jua la saa sita mchana linakuwa upande wa kaskazini, yaani upande wa bahari, miezi iliyobaki linakuwa kusini, upande wa Ngamiani. Mwezi wa sita saa sita mchana kivuli cha mtu kinaangukia kusini na urefu wake ni kama nusu ya kimo chake, mwezi wa kumi na mbili kinaangukia kaskazini na ni kama theluthi. Asubuhi vivuli vinaenda magharibi, jioni mashariki, hilo halina msimu.

Sasa ichukue kwenye picha. Jengo linalotazama bahari, uso wake umepigwa na jua vizuri na vivuli ni vifupi, basi hiyo si Desemba wala Januari. Angalia na bendera kama ipo, au moshi, au makuti ya minazi. Upepo wa kusi, ambao ni wa kama Aprili mpaka Septemba, unasukuma bendera kuelekea bahari, kaskazi ya Novemba mpaka Machi inairudisha mjini. Jua na bendera vikikubaliana umeshajua msimu na umeshajua picha inatazama wapi. Visipokubaliana, kabla hujaanza kubuni, angalia tena kama picha haijageuzwa, na kumbuka asubuhi mapema kuna umande unaovuma kutoka bara kwenda baharini hata msimu wa kaskazi, huo unaweza kukuzingua.

Kwa picha za ufukweni angalia na maji. Maji yakiwa yamepwa sana mpaka mashua zimelala ubavu ni bamvua, ufuko unaonekana mpana kuliko ulivyo, watu wanadhani ni sehemu nyingine kabisa wakati ni pale pale forodhani.

Kupata miaka: "si kabla ya" na "si baada ya"

Usitafute mwaka mmoja. Tafuta mwaka ambao picha haiwezi kuwa ya nyuma yake, na mwaka ambao haiwezi kuwa ya mbele yake, halafu minya katikati.

Anza na mgongo kama ni postikadi. Kama upande wa nyuma ni wa anwani tu na salamu zimeandikwa mbele kwenye picha, kwa kadi ya Kijerumani ni kabla ya 1905, mwaka huo ndio waliruhusu mgongo kugawanywa mara mbili. Stempu ya Deutsch-Ostafrika (Afrika Mashariki ya Mjerumani) yenye meli, ikiwa bei yake imeandikwa kwa "pesa", sarafu ya wakati ule, ni kabla hawajahamia sarafu ya heller mwaka 1905. Stempu ya Mwingereza yenye chapa G.E.A. (German East Africa) juu yake ni kuanzia 1917, ya twiga yenye jina Tanganyika ni kuanzia 1922, na zile zenye Kenya, Uganda na Tanganyika pamoja ni kuanzia 1935. Ila stempu inakupa tarehe ya kutumwa sio ya kupigwa! Wachapaji walikuwa wanauza picha ile ile miaka na miaka.

Kisha ingia ndani ya picha. Reli ilianza kujengwa Tanga 1893, ikafika Korogwe 1902 na Moshi 1911, kwa hiyo vichwa vya treni na mabehewa havitokei kabla ya 1893. Waingereza waliingia mjini Julai 1916 (Novemba 1914 walijaribu wakachapwa, ile vita ya nyuki), hivyo bendera ya Mwingereza juu ya boma ni baada ya hapo. Land Rover haikuwepo kabla ya 1948. Maktaba ile ya King George ni ya miaka ya 1950.

Vibao ndio dhahabu. Ukiona E.A.R.&H. ni baada ya 1948, hilo ndilo shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki, na mambo yote yenye "East African" kwenye posta na reli yalikufa na Jumuiya 1977. Benki zilitaifishwa Februari 1967, kwa hiyo kibao cha Barclays au Standard Bank kwenye picha ya zamani kinakuweka kabla ya hapo, na cha NBC, benki ya taifa ya biashara, kinakuweka baada. Nyumba za kupangisha za thamani kubwa zilitaifishwa 1971, ukiona tangazo la Msajili wa Majumba ukutani ujue ni kati ya 1971 na 1990, maana baadae alimezwa na Shirika la Nyumba. Paa lililojaa antena za televisheni mara nyingi ni 1994 kuja huku, ndio stesheni za Bara zilianza, japo TV ya Zanzibar ilikuwepo toka miaka ya 1970 kwa hiyo antena moja moja isikutishe.

Karatasi yenyewe nayo inasaidia. Kingo zilizokatwa mawimbi mawimbi kama biskuti ni mtindo wa miaka ya 1930 mpaka 60. Picha ya rangi iliyogeuka nyekundu nyekundu mara nyingi ni miaka ya 1970. Nguo mimi siziamini sana, kanzu na kofia vinavaliwa karne nzima, na suti ya mtu ilikuwa inavaliwa mpaka mwanae anairithi.

Mfano, twende nao taratibu

Bi mkubwa mmoja wa Chumbageni ana picha ndogo ya kingo za mawimbi, mtaa wenye maduka pande zote, familia yake yote inasema ni Ngamiani kwa sababu babu yao aliishi Ngamiani. Haya, tuiangalie. Mwisho wa mtaa, juu ya mapaa, kuna milingoti ya meli, na inaonekana mikubwa, sio vijiti vya mbali. Kwa hiyo mpiga picha alikuwa anatazama bahari, kaskazini, na alikuwa karibu nayo, yaani upande huu wa reli. Ngamiani tayari imeanza kuyumba. Kuna kijana kaegesha baiskeli imeelekea kulia, mnyororo unaonekana, picha haijageuzwa. Vivuli vinaenda kushoto, ukitazama kaskazini kushoto ni magharibi, basi ni asubuhi. Pembeni kuna pua ya Land Rover, si kabla ya 1948. Na kwenye kona ya mbali kuna kibao kimekatwa nusu, "STANDARD BA", si baada ya 1967.

Hapo mtaa hatujaujua lakini tumeshajua mengi kuliko jina: asubuhi, mjini upande wa bahari, kati ya 1948 na 1967, macho yanatazama kaskazini. Mitaa inayoshuka kuelekea bandarini upande ule haizidi vidole vya mikono, ni ya kutembea kwa mguu. Kinachotafutwa sio mtaa mzima, ni kitu kimoja kilichobaki, na kwenye picha hii upande wa kulia kulikuwa na roshani ya chuma yenye nakshi ya duara mbili na msalaba katikati. Roshani ile ipo mpaka leo, imepakwa rangi juu ya rangi, chini yake wanauza vocha. Upande wa kushoto maduka yote hayapo, kuna ukuta na geti, ndio maana hakuna aliyekuwa anautambua, mtaa umebaki na upande mmoja.

Ukifika mahali kama hapo usiridhike na "inafanana". Tafuta mistari miwili inayopishana. Kwenye picha ncha ya roshani inagusana na kona ya dirisha la jengo la nyuma, basi sogea kulia kushoto, mbele nyuma, mpaka macho yako yaone zinagusana vile vile, ukipata na jozi ya pili ya namna hiyo umesimama pale pale aliposimama mpiga picha. Piga picha hapo hapo, saa ile ile kama unaweza. Kiwango cha barabara kinapanda kwa lami na vifusi, kwa hiyo ngazi tatu za kwenye picha leo zinaweza kuwa moja, hilo sio kasoro.

Ngamiani yenyewe ni ngumu zaidi, sikufichi. Nyumba za Kiswahili za udongo na mabati zinafanana kona hadi kona, baraza mbele, mlango katikati, dirisha huku na huku. Kule tegemea msikiti, mti mkubwa, kisima, mteremko wa mtaro, na idadi ya nyumba toka kona. Na tegemea wazee.

Namna ya kuwauliza wazee

Kosa kubwa ni kwenda na jibu. Ukisema "mzee hii si barabara ya nane?" atakwambia ndio, kwa heshima tu au kwa sababu macho hayaoni vizuri na hataki kusema. Chapisha picha kubwa, A4, simu haifai. Shikamoo, kaa, kunywa kahawa uliyopewa, halafu mpe picha na unyamaze. Akianza kuongea usimkatize hata kama anaongelea mtu na wewe unataka nyumba, maana nyumba ya mtu ndio anwani yake. Maswali ya kumsaidia ni ya kutembea: "Babu, ukitoka hapa kwenye hili duka ukaelekea msikitini unapita wapi?" "Nyuma ya hii nyumba kulikuwa na nini?" "Nani alikuwa anakaa kona?" Mtu anayekwambia kitu kilichopo nje ya fremu, na wewe ukakikuta kwenye ramani au picha nyingine, huyo shahidi wa kweli.

Miaka usimwulize kwa namba. Muulize kama ilikuwa kabla ya uhuru au baada, kabla ya Azimio la Arusha, wakati wa vita vya Amin, kipindi cha ruksa cha Mwinyi, au yeye alikuwa darasa la ngapi. Waulize mmoja mmoja, ukiwaweka pamoja barazani mwenye sauti kubwa ndio anashinda. Na kina bibi wasisahaulike, wao wanakumbuka nani alioa nyumba gani na nguo ilinunuliwa duka gani, hiyo ni ramani kamili.

Wapi pa kulinganisha

Hapa nyumbani anza na Makumbusho ya Urithi Tanga, wana picha za mji. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Dar ina mafaili ya Mjerumani na Mwingereza, na ofisi za ardhi zina michoro ya viwanja ambayo inaonyesha kichochoro kilichozibwa hata kama hakuna anayekikumbuka. Mtandaoni kuna hazina ya picha za kikoloni ya maktaba ya chuo kikuu cha Frankfurt, kuna picha za Walther Dobbertin, mpiga picha wa Kijerumani, zilizowekwa Wikimedia Commons na hifadhi ya taifa ya Ujerumani, kuna mkusanyo wa Winterton wa chuo cha Northwestern Marekani, na kuna picha za wizara ya makoloni ambazo hifadhi ya taifa ya Uingereza iliziweka Flickr. Kwenye hazina za Kijerumani tafuta kwa lugha yao, Hafen (bandari), Markt (soko), Bahnhof (stesheni), Strasse (mtaa), Usambarabahn (reli ya Usambara), na Raskazone iandike Ras Kasone. Gazeti la Usambara-Post lilichapwa hapa hapa Tanga na nakala zake maktaba ya taifa Berlin imeziweka wazi, matangazo ya hoteli na maduka yaliyomo ni msaada mkubwa ukiwa na kibao cha duka kwenye picha.

Google Lens na Yandex, zinazotafuta picha zinazofanana mtandaoni, zipitishie picha mwanzoni kabisa, dakika tano tu, unaweza kukuta imeshaandikwa mahali. Lakini kapsheni za hifadhi za nje nazo zina makosa, Tanga na Dar zinachanganywa, kwa hiyo nazo zipitishe kwenye bahari, reli na jua kama nyingine yoyote.

Kuandika ulichopata

Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, pembeni, usikandamize, peni inatokea mbele. Solotepu na zile albamu za gundi ziache, na hapa kwetu kwa unyevu na chumvi picha ziwe kwenye bahasha za karatasi, sio nailoni. Kwenye rekodi yako tenganisha mambo matatu: unachokiona kwenye picha, ulichoambiwa na nani, na unachodhani wewe. Halafu weka daraja, hakika, yawezekana sana, au dhana tu. Ile ya bi mkubwa wa Chumbageni ninavyoiandika mimi ni hivi: "Tanga mjini, upande wa bahari, inatazama kaskazini, asubuhi, 1948–1967, roshani ya kulia bado ipo, hakika. Jina la mtaa wakati huo: bado." Na familia yenye picha waulize kwanza kabla hujaiposti, kuna sura za watu mle, na kuna nyumba ambazo umiliki wake unagombaniwa mpaka leo.